Shamba la Wagonjwa

Karibu na Ntoto, teritwari ya Walikale
Tarehe 14 Novemba 1954

Kwa dada yangu mupenzi Pétronille, Kirolirwe

Dada, pokea salamu zangu, na za muke wangu Verdiane, na za watoto wetu wawili. Sisi tuko wazima, Mungu ametuchunga. Thacienne mudogo ameota meno mawili na anamuuma kila anayemubeba, hata katekista. Wewe je, goti lako linakuruhusu kupanda mulima kwenda misa? Papa Hubert, bwana yako, anaendeleaje na kile kikohozi cha asubuhi? Na maharagi ya juu ya kilima, mvua imeyaacha ao imeyabeba? Huku mvua haitupumzishi. Nguo zinaanikwa asubuhi na jioni tunazivaa zikingali na maji.

Barua yako ilinifikia kwa mukono wa katekista Isidore, aliyeibeba ndani ya kofia yake ili isilowe. Nimeisoma mbele ya Verdiane, kisha nikaisoma tena peke yangu. Unasema umesikia kwamba daktari amenichagua, kwamba nitahamia Masisi, nizunguke dispanseri zote za milimani na kufundisha waganga wengine namna ya kulisha wagonjwa. Unasema Papa Hubert amekwisha kutenga dume la mbuzi, na wewe umekwisha kuweka mutama wa pombe. Halafu unauliza kwa nini tangu mwezi wa nane sijaandika hata neno moja.

Ni haki yako kuuliza, dada. Wewe njo ulinilea baada ya mama kutuacha, na wewe njo ulilima shamba la masista ili mimi nikae kwenye benchi la shule ya waganga. Kwa hiyo nitakuandikia polepole, tangu mwanzo. Nakuomba tu usimusomee muntu mwingine barua hii kabla hujaimaliza wewe mwenyewe.

Acha kwanza nikuonyeshe nyumba yetu, kwa sababu hujapata kufika huku. Kijiji chetu ni kidogo, saa mbili za miguu kupita Ntoto, na musitu unaanza pale nyumba ya mwisho inapokoma. Dispanseri ina ukuta wa matope uliopakwa chokaa, mabati juu, na vitanda kumi vya miti. Siku niliyofika, miaka mitatu iliyopita, nilisimama mbele ya watu wote nikawatangazia maneno niliyotumwa kusema: dawa ni bure, sindano ni bure, kwa chifu na kwa mujane, kwa muntu wa hapa na kwa mupita njia. Watu walipiga makofi. Mimi pia nilifurahi, kwa sababu niliamini.

Lakini dawa ilitoka kwa Leta, kwa serikali, na chakula hakikutoka popote. Mugonjwa mwenye ndugu alikuja nao. Walilala chini ya paa la nje, wakamupikia. Yule asiyekuwa na ndugu, ao aliyetoka mbali, alilala na njaa juu ya kitanda cha bure. Verdiane ndiye aliyeona kabla yangu. Alimukuta muzee mumoja anatafuna maganda ya ndizi aliyoyaokota nje, akarudi nyumbani akaongeza konzi moja ndani ya chungu. Mwanzo alikuwa mugonjwa mumoja, halafu watatu, halafu saba. Muhogo wetu ukaisha kabla ya wakati. Mawese tuliyoweka kwa ajili ya ubatizo wa mutoto yakaisha. Mimi nilikuwa nikishinda na sindano zangu na kitabu changu, nikirudi nyumbani ninakula kilichowekwa mbele yangu, siulizi.

Siku moja nilirudi muchana bila kutazamiwa, nikamukuta anamupa mutoto wetu wa kwanza maji ya maharagi. Maharagi yenyewe alikuwa ameyapakua ndani ya sahani za wagonjwa. Nilimwambia kwamba hilo si sawa. Hakukasirika. Alifuta mikono, akanitazama, akasema, “Ile bure yako, mimi njo ninailima.”

Dada, neno lile lilinikaa. Juma lile lile niliomba wakubwa wa nyumba zote wakutane. Niliwaeleza kwamba muke mumoja hawezi kulisha vitanda kumi, na kwamba kama tunataka nyumba ya kuponya watu, lazima tuwe na shamba la kuilisha. Walikubali haraka kuliko nilivyotazamia. Chifu alitoa ardhi nzuri kando ya kijito. Tukapanga kwamba kila nyumba italeta muntu mumoja kulima kila siku ya ine ya juma. Tukamuchagua Papa Pierre, muzee anayeheshimiwa, awe kapita, musimamizi wa shamba. Kila nyumba iliyolima ilipewa kipande cha mwanzi kilichotiwa alama ya moto. Na sheria ilikuwa hivi: nyumba isiyokuwa na kipande, muntu wake atapewa dawa, kwa sababu dawa ni ya Leta, lakini hatalala ndani wala hatakula, kwa sababu kitanda na chakula ni vya wale waliolima. Sheria ile niliitunga mimi. Hakuna aliyenituma.

Na shamba lilizaa. Sitaki ufikiri kwamba lilikuwa jambo baya tangu mwanzo. Tulivuna maharagi, tukavuna muhogo, sombe ya majani ya muhogo haikukosekana. Watu waliokuja mifupa mitupu walirudi kwao wana mashavu. Nilimuona Verdiane anakaa mukekani muchana, miguu ameinyoosha, hana kazi mikononi, na hilo nilikuwa sijaliona tangu tulipooana.

Nyumba moja tu ilikataa. Ni nyumba ya Symphorien, anayekaa ngambo ya kijito, mwendo wa nusu siku. Ni mukulima na muwindaji, amebatizwa, lakini bado anaweka mambo ya babu zake pale nyuma ya nyumba, na watu wanamuogopa kidogo. Nilimutuma Papa Pierre mara mbili. Jibu lilikuwa moja: kwamba yeye amekwisha kulipa. Niliuliza amelipa nini, Papa Pierre akasema hakueleza. Basi mimi nikajieleza mwenyewe. Nikasema ni muvivu, tena mwenye kiburi, anangoja wengine walime. Niliwaambia watu hivyo mbele yake siku ya soko, na yeye aliweka nyama yake begani akaondoka.

Mwezi wa ine, mvua ikiwa kali, muke wake Joséphine-Marie aliugua mapafu. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Kitabu changu cha wagonjwa kinasema kwamba alikuja, akapimwa, akapewa vidonge, akaambiwa alale, akakataa, akarudi kwake. Siku ya tatu mutoto alizaliwa amekufa. Nilipopata habari nilivuka kijito na sanduku langu, nikakaa kule siku ine, nikimuchoma sindano asubuhi na jioni. Symphorien alichemusha maji kila niliposema achemushe, na hakunena nami neno lingine. Muke alipona. Nikarudi. Watu wa kijiji walinisifu kwamba nimemufuata hata yule aliyekataa shamba letu, na kuhusu muke walisema kwamba wanawake wa ngambo wanaogopa vitanda. Sikuwajibu.

Mwezi wa nane daktari alikuja kutukagua. Ni muzungu mwenye haraka, lakini anasikiliza. Alitembea ndani ya shamba na viatu vyake vizuri, akashika majani ya maharagi, akahesabu vitanda, akamuuliza Papa Pierre juu ya vipande. Aliniambia kwamba kila pahali wanamulilia kwamba wagonjwa wana njaa, na kila pahali yeye hana cha kuwapa, na hapa watu wameulipia ugonjwa wao wenyewe bila Leta kutoa kitu. Kisha akakaa kusoma kitabu. Kidole chake kikasimama kwenye musitari wa Joséphine-Marie. Akaniuliza kwa nini alikataa kulala. Nikamujibu kama watu walivyosema, kwamba wanawake wa ngambo wanaogopa vitanda. Akatikisa kichwa, akageuza ukurasa. Siku ile njo alisema habari ya Masisi, na katika wale aliokuja nao njo kuna waliokuletea habari hiyo kabla yangu.

Wengine walinishika mukono. Mimi nilikwenda kukaa nyuma ya dispanseri, pale tunapotupa majivu.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Mwezi wa tisa, siku ya shamba, Joséphine-Marie alikuja na jembe lake. Hakuna aliyemuita. Alivuka kijito peke yake, akasimama kwenye musitari karibu na Verdiane, akaanza kulima. Alikuwa bado mwembamba, anapumuzika kila baada ya mapigo machache. Verdiane alimwambia akae chini, arudi akipata nguvu. Alikataa. Verdiane akamuuliza kama bwana yake amebadili mawazo. Akajibu kwamba bwana yake hajui kama amekuja. Kisha akasema, pole tu, kama muntu anayeeleza bei ya chumvi, “Nalipia kitanda mbele, mama. Nikibeba mimba tena, nisifukuzwe tena.”

Verdiane aliendelea kulima mpaka mwisho wa musitari. Jioni, watoto walipokwisha kula, alinirudilia maneno yale, na akaniuliza juu ya lile neno la mwisho, lile “tena”. Aliuliza mara moja tu, akangoja.

Dada, kitabu changu kinasema uongo, na mimi njo niliuandika.

Joséphine-Marie hakukataa kulala. Alifika karibu na saa sita, amelowa, anashika ukuta. Papa Pierre alikuwa mulangoni kukagua vipande, akamuomba kipande, naye hakuwa nacho. Papa Pierre akanigeukia, kwa sababu alimuona namna alivyo, na ninajua kwamba kama ningeitikia kwa kichwa tu angemupitisha. Nilimupima. Nilisikia mapafu yake, nikasikia na mutoto. Nilijua vizuri kwamba muntu wa namna ile hatembei tena siku ile. Lakini macho yangu hayakuwa yakimuona yeye. Yalikuwa yakimuona Symphorien, na nyama yake begani. Nikasema moyoni kwamba nikimulaza huyu, siku ya ine nani atakuja kulima? Nikampa vidonge. Nikamwambia arudi nyumbani, amwambie bwana yake aje alime siku mbili, halafu tutamupokea.

Hakulia wala hakubisha. Alitazama ndani, akaona vitanda, akasema, “Ile moja iko wazi, munganga.”

Nilimwambia inangojea mwingine. Hapakuwa na mwingine. Vitanda viwili vilikuwa wazi siku ile, na kimoja kilibaki wazi juma zima. Aliinua kitunga chake akaenda na mvua. Ndani ya kitunga chake kulikuwa na ndizi na muhogo, nimekuja kujua baadaye. Alikuwa amebeba chakula chake mwenyewe cha siku tatu. Sikumuuliza. Jioni ile niliandika ndani ya kitabu kwamba amekataa.

Nilimwambia Verdiane yote kama ninavyokuandikia. Alifunika moto na majivu. Kisha akasema, “Nilichoka kulima bure yako, ni kweli. Lakini sikukuambia ufunge mulango.” Akaenda kulala na watoto. Siku nyingi zilipita tukinena habari za chumvi na za kuni tu.

Nilifanya mambo mawili, na yote mawili yalinichukua muda kuliko ilivyofaa.

La kwanza, nilimuomba chifu awaite watu, na nilivuka mwenyewe kumuita Symphorien na muke wake. Sikujua kama watakuja. Walikuja, wakakaa mwisho, karibu na njia. Nilisimama pale pale niliposimama siku ya kwanza nikitangaza bure, na nikawaambia nilichofanya, bila kuongeza na bila kupunguza. Papa Pierre aliinamisha kichwa. Chifu akamuuliza Symphorien kama ana neno.

Symphorien aliinuka. Ni muntu wa maneno machache, na alisema kwa sauti ya chini, watu wakalazimika kusogea. Alisema kwamba kabla ya munganga huyu kufika, Leta ilichukua wanaume kubeba mabati ya nyumba ile kutoka pale gari lilipokoma. Yeye alibeba safari sita, siku tatu kila safari, na safari ya mwisho bati lilimukata bega mpaka mufupa. Hakupewa kitu, kwa sababu ilikuwa kazi ya Leta. Mwaka ule ule alilima mupunga wa lazima, akalipa na kodi. “Mulisema nyumba ya bure,” akasema. “Mimi nilijua si bure. Niliibeba.” Akafungua shingo ya shati, akaonyesha kovu, si kwa hasira, kama muntu anayeonyesha karatasi yake. Halafu akamushika muke wake mukono, wakaondoka kabla hatujaamua kitu.

Kisha mama mumoja, Adelaïde, ambaye hajapata kukosa siku ya shamba hata moja, akasema yeye anataka vipande vile vichomwe. Wengine walikataa. Walisema, na walikuwa na haki ya kusema, kwamba bila vipande wengi hawatakuja, na wachache watalima kwa ajili ya wote. Tulibishana siku ile na siku iliyofuata. Mwishowe walikubaliana kwamba kila mugonjwa atalala na atakula, awe amelima ao hakulima, na kwamba atakayeweza kulima akipona ataombwa, hatalazimishwa. Papa Pierre alikusanya vipande, muke wake akavichoma jikoni.

La pili, nilimuandikia daktari. Nilimueleza musitari ule wa kitabu, na nikamuambia kwamba shamba analotaka nikawafundishe wengine, mimi nimelitumia vibaya. Jibu lake lilikuja kabla ya barua yako kwa siku chache. Hakunifukuza. Alisema waganga ni wachache. Lakini safari ya Masisi imefutwa, mushahara wangu umerudishwa mahali ulipokuwa miaka miwili iliyopita, na mwingine atachaguliwa. Chini, kwa mukono wake mwenyewe, ameandika kwamba anasikitika, na kwamba bado hajui ni nani atakayelisha wagonjwa wa dispanseri zile nyingine. Hata mimi sijui, dada. Ningemujibu kama ningejua.

Kwa hiyo umuambie Papa Hubert asichinje mbuzi kwa ajili yangu. Ao achinje, mule kwa sababu nyingine. Pombe usiimwage, watu wana kiu siku zote. Najua ulikuwa umetangaza kwa majirani, na najua utapita kisimani ukiulizwa. Aibu hiyo ni yangu na nimekupa wewe uibebe. Nisamehe.

Ukitaka kujua hali ilivyo sasa, nitakueleza kweli. Wale waliosema wengi hawatakuja hawakukosea. Zamani, siku ya shamba, tulikuwa watu arubaini. Sasa tuko kumi na watano, kumi na wanane kama mvua imeacha. Sehemu ya chini ya shamba imerudi majani. Chungu ni chepesi, na kuna siku Verdiane anaongeza maji mara mbili. Mimi ninalima kila asubuhi kabla ya kufungua mulango, mikono yangu ina malengelenge ninapochoma sindano, na wagonjwa wananicheka. Verdiane amerudia kunena nami. Alianza siku aliponionyesha kwamba ninashika jembe vibaya.

Joséphine-Marie anakuja akitaka. Hatujanena bado, isipokuwa salamu. Symphorien hanisalimu, wala sitazamii.

Lakini siku ya pili ya juma lililopita nilikuwa ndani nafunga kidonda, nikasikia miguu mizito mulangoni. Ni Symphorien, amebeba muntu mugongoni, mugeni kabisa, mupita njia aliyekatwa na panga huko musituni, kwao ni mbali na hakuna anayemujua hapa. Symphorien hakusimama mulangoni. Hakuniita, hakuuliza kama kuna nafasi, hakumutazama hata Papa Pierre. Alipita katikati ya vitanda mpaka kile kilichokuwa wazi, akamulaza yule mugeni, akamuvuta blanketi mpaka kifuani. Kisha akanitazama mara moja, akaelekeza kidole kwenye kidonda, akatoka.

Nilikwenda kuchemusha maji.

Dada, nimefika mwisho wa karatasi. Musalimie Papa Hubert kwa heshima, na mushemeji wangu Généreuse, na muzee Mukashema anayeuliza habari zangu kila Pasaka. Kama una mbegu za maharagi ya milimani zilizobaki, mupe Isidore akirudi, hata konzi mbili, yanastahimili mvua kuliko haya yetu. Tuombee, na sisi tunakuombea goti lako. Kama utakuwa na hasira juu yangu, iandike, usiinyamazie. Nitaisoma.

Ni mimi ndugu yako, tuliozaliwa tumbo moja,

Théoneste Kanyamibwa